Muulize Anko: Wajerumani wawili, gitaa moja na ngoma ya dakika saba

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kuhusu Jam & Spoon na trance ya zamani ya Ujerumani, ule muziki wa klabu wa kutengenezwa kwa mashine, basi simu yangu tangu hapo haijapoa. Nimechagua maswali machache, ya matusi nimeyaacha, ya kuomba hela ya bando nayo nimeyaacha.

Anko shikamoo. Mimi nasoma UDOM, juzi narudi na basi la usiku kutoka Dar, dereva kachomeka flashi yake, tumefika Gairo watu wote wamelala ikapigwa ngoma moja ya ajabu, biti inakwenda tu, kuna mdada anasema maneno mawili matatu afu ananyamaza. Nikaenda mbele kumuuliza konda, akanionyesha kwenye redio imeandikwa Age of Love, Jam & Spoon. Sasa Age of Love ni kundi au ni wimbo? Na kwa nini ni ndefu hivi? (Mwanafunzi, Ng'ong'ona)

Marhaba mwanangu, na huyo dereva mpe heshima yake.

Age of Love ni kundi na ni wimbo pia, jina ni hilo hilo. Ilitoka 1990, walioitengeneza ni Bruno Sanchioni na Giuseppe Chierchia, na hao sio Wajerumani. Mwaka 1992 ikaangukia mikononi mwa jamaa wawili wa Frankfurt wakaifanyia rimiksi wakaipa jina Watch Out for Stella, na ndo hiyo uliyoisikia Gairo, maana siku hizi ukimtajia mtu wa trance Age of Love anafikiria hiyo ya kina Jam & Spoon, ile ya mwanzo wanaijua wachache.

Hao jamaa sasa. Jam ni Jam El Mar, jina la kwao Rolf Ellmer, mtu aliyesomea muziki wa klasiki, anayejua kukaa na noti na kupanga sauti. Spoon ni Mark Spoon, jina la kwao Markus Löffel, yeye dijei, kazi yake ni kusimama mbele ya watu usiku kucha na kuangalia miguu yao. Mwaka huo huo wa 1992 wakatoa ya kwao wenyewe, Stella, kwenye lebo ya R&S ya Ubelgiji, na kama Age of Love umeipenda basi Stella itafute leo leo, haina mashairi, ni sauti za kinanda zinazungukana mpaka unasahau ulikuwa unafanya nini.

Urefu una sababu. Hii haikutengenezwa kwa ajili ya redio ambapo mtangazaji anakatiza kutaja mdhamini, ilitengenezwa kwa dijei mwenye santuri mbili, kwa hiyo mwanzoni wanakuachia ngoma tupu ili aliyeko kwenye mashine apate nafasi ya kuunganisha na santuri iliyotangulia, mwishoni vile vile, na katikati ndo mambo yenyewe. Isikilize tena na earphone, angalia pale katikati ngoma inapoondoka kabisa, inabaki ile sauti ya juu inayojirudia na yule mdada, wewe mwenyewe unaanza kujiuliza ngoma itarudi saa ngapi, wanakuchelewesha, wanakuchelewesha tena, ikirudi hata aliyekaa siti ya nyuma anatikisa kichwa. Ukiibana iwe ya dakika tatu huo utamu wa kusubiri unakufa.

Mark Spoon alishafariki, Januari 2006, kule Berlin, moyo, alikuwa na miaka 39 tu. Kwa hiyo wawili hao kama wawili ndo basi tena.

Anko mambo. Nina studio ndogo hapa Majengo. Kuna dijei kaja anataka tufanye ngoma pamoja afu tugawane nusu kwa nusu. Hajui hata kubonyeza kinanda! Kazi yake kukaa nyuma yangu na kuniambia rudisha, refusha hapo, toa hiyo, wakati mimi ndo natoa jasho. Nusu ya nini sasa? (Prodyuza aliyechoka)

Poa mdogo wangu. Swali lako ndo historia yenyewe ya hiyo trance ya Ujerumani ya mwanzo, yani ungeniuliza niieleze kwa dakika moja ningekusimulia ugomvi wako huo huo.

Angalia. Kabla ya Jam & Spoon, huyu Rolf Ellmer alikuwa na kundi jingine linaitwa Dance 2 Trance, na mwenzake humo nani? Dijei. DJ Dag, wa klabu hizo hizo za Frankfurt. Mwaka 1990 wakatoa We Came in Peace, wapo wanaosema ndo trance ya kwanza kabisa (mi ubishi huo wa nani wa kwanza siuingii, hauna mwisho), na 1992 wakatoa Power of American Natives ambayo ilienda mbali sana. Kwa hiyo mtu aliyesomea muziki anatafuta dijei wa kwanza, anatafuta wa pili, na kote kote kinatoka kitu. Nenda Berlin ukutane na Visions of Shiva, wawili tena, Cosmic Baby aliyefundishwa piano tangu utotoni na Paul van Dyk ambaye wakati huo ni dijei chipukizi, 1992 wakatoa Perfect Day. Rudi Frankfurt, Sven Väth, dijei kuliko madijei, album zake za mwanzo kwenye kinanda yupo Ralf Hildenbeutel. Ni yale yale.

Sasa wewe jiulize kwa nini hao waliosoma muziki, wanaoweza kutunga peke yao wakiwa wamelala, walihangaika na watu wasiojua noti? Kwa sababu aliyesoma muziki akikaa peke yake anajaza. Kila pengo analiona ni kosa, anaweka kodi nyingine (yani noti zinazopigwa kwa pamoja), anaweka kinanda kingine, ngoma inakuwa nzuri kuisikiliza umekaa kwenye kiti ila ukiipiga ukumbini watu wanaenda kununua soda. Dijei anayajua mapengo, ameshaona kwa macho yake ni sekunde ngapi watu wanavumilia ngoma ikitolewa kabla hawajaanza kuchungulia simu, na hicho kitu hakifundishwi popote, unakipata kwa kukesha. Akikuambia toa hiyo, anakufanyia kazi ambayo wewe huiwezi.

Nusu yake mpe. Ila muandikiane kwenye karatasi nani kafanya nini kabla ngoma haijatoka, muisajili COSOTA, wale wa hakimiliki, kwa majina yote mawili, na kama baada ya ngoma mbili unaona bado anakaa tu nyuma anachati, mfukuze.

Anko habari za kazi. Mimi niko kwenye ujenzi wa uwanja wa ndege Msalato. Kuna jamaa anatuambia Ujerumani kulikuwa na disko ndani ya uwanja wa ndege, sio jirani, NDANI. Tumembishia sana. Ni kweli au chai? (Fundi nondo)

Salama fundi. Sio chai, mwombeni jamaa msamaha.

Iliitwa Dorian Gray, ilifunguliwa 1978 ndani ya uwanja wa ndege wa Frankfurt, kwenye jengo la abiria, na haikuwa kichumba cha kusubiria ndege chenye redio, ilikuwa disko kubwa la maana, spika zilifungwa na Richard Long wa New York, fundi yule yule wa klabu ya Paradise Garage ya huko huko New York. Besi ya pale waliocheza wanaizungumzia mpaka leo. Na kuwa uwanjani kuliwapa kitu ambacho klabu za mjini hazikuwa nacho, sheria ya kufunga usiku haikuwabana, kwa hiyo watu wanacheza mpaka jua limewaka huku nje abiria wanasukuma mabegi yao kwenda kwenye ndege.

Humo ndo yule Talla 2XLC alikuja kuihamishia Technoclub yake aliyoianzisha 1984, humo amepiga DJ Dag, humo amepiga Torsten Fenslau, yule wa Culture Beat, kama una umri wangu Mr. Vain ya 1993 unaijua bila kuambiwa. Dorian Gray iliendelea mpaka mwisho wa 2000.

Afu mjini kwenyewe kulikuwa na Omen, hii ilianza 1988, mmoja wa wenyewe ni huyo Sven Väth, na mwingine ni Michael Münzing, ambaye pamoja na Luca Anzilotti ndo mapacha wa nyuma ya pazia wa Snap!, wale wa Rhythm Is a Dancer. Unaona mji ulivyokuwa mdogo? Wimbo uliopigwa mpaka kwenye disko vumbi za huku kwetu na trance ya watu wachache wasiolala vilitoka kwenye jiko moja. Omen ikafungwa Oktoba 1998, watu wakajaa mpaka barabarani.

Kuna wanaodhani kila kitu kilianzia Berlin kwa sababu ya ukuta. Berlin ina yake, ile Love Parade ilianza Julai 1989 na watu kama 150 tu nyuma ya gari la muziki, ukuta ukaanguka Novemba, miaka kumi baadaye watu wakafika kama milioni moja na nusu. Na lebo ya trance ya Berlin, MFS, ilianzishwa na Mwingereza wa Manchester, Mark Reeder, akaipa makusudi herufi zile zile za ile wizara ya usalama wa taifa ya Ujerumani Mashariki, watu waliyokuwa wakiiogopa jana yake tu. Ujasiri wa hivyo mi nauvulia kofia. Ila kwa trance ya mwanzo mwanzo kabisa, kura yangu iko Frankfurt.

Anko, mimi ni mama wa watoto watatu, niko Nkuhungu. Kijana wangu wa kidato cha nne usiku anavaa headphone anasikiliza huo muziki mnaouandika. Jirani kaniambia ni muziki wa kupandisha mashetani, ndo maana hauna maneno. Nifanyeje?

Pole na malezi dada yangu.

Mashetani hayamo. Kilichomo ni kitu kinajirudia kwa muda mrefu mpaka kichwa kinatulia na mwili unakwenda wenyewe, na hilo wewe umelizoea kuliko hata Wajerumani. Panda daladala siku moja nenda Chamwino wakati wa tamasha la muziki wa Kigogo, uwaone wale mama wa muheme, ngoma wameibana katikati ya mapaja, mapigo yanazunguka yale yale, hawaharakishi, hawapunguzi, jua la saa nane limewasimamia kichwani na hakuna anayetaka kuacha. Sikiliza ilimba za marehemu Hukwe Zawose, mtu wetu wa hapa hapa Dodoma, vidole viwili vinazungusha kisauti kimoja mpaka unasisimka. Mzuka unapanda, shetani hajaitwa.

Ila sitakudanganya. Kwenye klabu za Ulaya miaka ile kulikuwa na vidonge, ecstasy, na watu waliumia, hilo ni kweli na kila anayeipenda trance analijua. Kijana wako aliyejifungia chumbani na simu yako hana hivyo vidonge, ana mtihani. Mi ningehangaika na mambo mawili tu, saa anayolala na sauti anayoweka kwenye hizo headphone, maana masikio yakiharibika hayarudi. Mwambie apunguze mpaka akusikie ukimwita.

Anko vipi, niko Kondoa, nina laptop ya RAM 4 na FL Studio, spika ni za sabufa. Nataka kutengeneza trance kama ile ya 1992 ila kila nikijaribu inatoka kama tangazo la benki. Wale jamaa walitumia mashine gani za gharama? (Dogo wa biti)

Dogo, ngoja nikuvunje mbavu. Kompyuta zilizokuwa zimejaa kwenye studio za Ujerumani wakati ule ni Atari ST, imetoka 1985, ile 1040 ilikuwa na RAM ya MB 1. Moja. Picha moja ya kamera ya simu yako huenda isiingie. Waliipenda kwa sababu ilikuja na matundu ya MIDI, ya kuunganishia vinanda, kutoka kiwandani, na 1989 Steinberg wa Hamburg wakaitengenezea Cubase, programu ya kupangia muziki kama hiyo FL yako. Kompyuta yenyewe haikutoa sauti ya muziki, ilikuwa kama mnyapara, inapeleka amri kwenye vinanda, wewe noti hii, wewe nyamaza, wewe endelea, na vinanda ndo vinaimba.

Na mashine nyingine hazikuwa za gharama kabisa wakati huo. Ile TB-303 ya Roland ilitengenezwa 1981 mpaka 1984, kama 10,000 hivi, ilikusudiwa impigie besi mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake, ikadoda, zikauzwa bei ya kutupa, vijana wa Chicago wakazungusha vile vitufe vyake wakagundua inalia kama inakoromea maji, 1987 wakatoa Acid Tracks, na Wajerumani wakadakia hapo. Msikilize Hardfloor, duo nyingine hiyo, Oliver Bondzio na Ramon Zenker wa Düsseldorf, Hardtrance Acperience 1 ya 1992. Wamepandisha 303 zaidi ya moja juu ya nyingine, zinaanza chini kabisa huzisikii vizuri, kila baada ya muda wanafungua filta (kile kitufe cha kufifisha au kung'arisha sauti) kidogo, kidogo tena, mpaka mwisho zinapiga kelele. FL kuna Transistor Bass, imeigiza mashine hiyo hiyo, kama toleo lako linayo anza nayo.

Sasa kuhusu lile tangazo la benki. Bila kuisikia nakuotea, umeweka ile sauti pana ya supersaw, kodi nne za furaha, na kila kitu kinaingia sekunde ya kumi. Hiyo sauti imekuja na Roland JP-8000, 1996, mwaka 1992 haikuwepo, ni ya kizazi cha baadaye cha kunyoosha mikono juu, na mi kizazi hicho kwa kweli kinanizidi sukari. Itoe.

Weka spidi kati ya 128 na 138, sio singeli hii, zile 200 na kitu waachie vijana wa Dar. Kiki (lile dundo zito la chini) moja kila pigo, nne kwa baa, haibadiliki. Haihati (ile ya ts ts) weka katikati ya kiki na kiki. Besi nayo iwe inajibu kiki, isikanyagane nayo. Afu chukua noti tatu au nne tu, za kodi ya huzuni kidogo, uzipange zizunguke moja moja kwa haraka, kumi na sita kwa baa, hapo una arpejio, na hiyo arpejio ndo wimbo wako, usiitafutie mwimbaji. Ifungie filta iwe kama inatoka chumba cha pili. Kazi inayobaki ni uvumilivu, kila baa 16 (sio za bia) ongeza kitu KIMOJA, na filta iwe inafunguka taratibu muda wote huo. Ukifika dakika ya tatu toa kiki, toa besi, acha arpejio peke yake na sauti moja ndefu chini yake. Kaa hapo. Utaogopa kwamba watu wanaboreka, kaa tu. Rudisha kiki pale unapoona sasa imezidi, afu uisogeze mbele baa nane nyingine.

Na sabufa yako isikudanganye, hiyo inaongeza besi isiyokuwepo, kabla hujasema imekamilika isikilize kwenye earphone za kawaida na kwenye gari la mtu.

Jam & Spoon ndo hao hao wa Right in the Night? Mbona ile ina mwimbaji na gitaa la Kihispania? (Dada wa Area D)

Ndo hao. Ilitoka 1993, mwimbaji ni Plavka, Mmarekani, na hilo gitaa limetokana na Leyenda ya Isaac Albéniz, mtunzi wa Hispania wa karne ya 19. Kumbuka nilivyosema Ellmer alisomea klasiki. Wenye trance yao walinuna kwamba wameuza roho kwa redio, mi sioni tatizo, lile gitaa linazunguka vile vile kama arpejio, wamebadilisha tu chombo.

Anko, mi ni dijei wa sherehe hapa Makole. Nikipiga hizi ngoma kwenye harusi itakuwaje? Kamati itanilipa kweli?

Inategemea unapiga saa ngapi. Ukiweka Hardfloor wakati wa kuingia maharusi, malipo yaliyobaki usiyategemee na MC atakutania kwenye maiki mpaka mwisho. Stella iweke wakati wa msosi, sauti ya chini, watu wako kwenye foleni ya pilau hakuna anayehitaji kucheza, utaona wamama wanatikisa mabega na sahani mkononi bila kujua. Age of Love ihifadhi mpaka wazee wameondoka na wamebaki vijana na kamati, kama saa sita hivi, itokee kwenye amapiano, ila sio kwa kukata ghafla, amapiano iko kwenye 112 hivi na hii iko juu zaidi, panda taratibu kwa ngoma mbili za katikati. Na mwenye ukumbi akija kukuambia muda umeisha, ngoma bado ina dakika nne, mwonyeshe vidole vinne, huwa wanaelewa.

Za toleo lijalo tumeni mapema, na tafadhali andikeni mtaa wenu.